Kipande cha Sentimita Nane

Walkley, Sheffield, ni mtaa uliosimama wima.
Nyumba zimeshikana mikono zisiporomoke,
na mvua ikinyesha kule juu
haibishi hodi: hupita uani, hupita jikoni,
huteremka bila kuaga hadi bondeni, mto Rivelin.

Mlango wa Mzee Staniforth uko sentimita arobaini na tano
juu ya lango lake. Ngazi tatu tu.
Miezi saba hajazishuka
ila kwa kubebwa na wapwa zake, kama kabati.

Nilifika na uzi, vigingi, penseli sikioni,
na pimamaji yangu ya mita moja na ishirini.
Akasema: Nimechonga vyuma miaka thelathini na moja.
Unywele mmoja ukizidi, kipande kizima tulikitupa.
Basi nionyeshe hesabu.

Nikamwonyesha, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Panda moja, tembea kumi na mbili: ndiyo ruhusa ya ofisi.
Arobaini na tano mara kumi na mbili,
mita tano na sentimita arobaini za zege.
Ua wake, mlango hadi lango, ni mita nne na robo.
Akacheka. Hesabu yako imetokeza barabarani.
Itabidi ikunje kona, nikasema.
Na pale penye kona
pana banda la njiwa.
Akanyamaza.

Nikalaza mbao za majaribio. Chini ya ncha moja ya pimamaji
nikasukuma kipande cha mti, sentimita kumi.
Kiputo kikatulia katikati. Sahihi.
Kisha nikaomba nikiazime kiti chake.

Mita ya kwanza nilipiga mluzi.
Ya tatu nikaacha.
Ya nne mabega yakaniuliza nina umri gani.
Nina thelathini na minne, nabeba mifuko ya saruji.
Yeye ana sabini na tisa,
na vumbi la kiwanda bado limepanga kifuani mwake.

Bosi, Hinchliffe, kwenye simu: Kumi na mbili yaruhusiwa,
zege la ziada atalilipa nani?
Nikamjibu: kiti usichokikalia, hujui kunguni wake.
Hakuelewa. Nikakata simu, nikachukua msumeno.

Sentimita nane.
Panda moja, tembea kumi na tano.
Nilichopunguza hakizidi unene wa kidole gumba,
lakini njia imerefuka, mita sita na robo tatu,
na banda ndilo linalolipa.
Lihamishe, mzee akasema, bila kulitazama.
Wao wana mabawa.

Bado maji.
Gurudumu lataka bapa, maji yataka upogo.
Ukiwalaza maji sawasawa kama kitanda, watalala,
na Januari wataamka vioo.
Ukiinamisha mno, kiti kitavutwa ubavuni
kama mtoto anayevutwa na mbwa.
Pimamaji, ewe, jina lako kubwa:
umepima maji yaliyofungiwa kwenye kichupa.
Haya ya Walkley hayajafungiwa.
Nikainua upande wa nyumba, sentimita mbili kwa mita,
nikakiacha kiputo kivuke mstari wake, makusudi,
na mfereji nikauweka mbali na ukuta.

Zege lilipokomaa, mzee alitoka mlangoni
na kikombe cha chai iliyopoa. Akaimwaga.
Chai ikasita. Ikafikiri.
Ikashika njia ya mshazari, polepole,
ikaingia mferejini bila kugusa kizingiti.

Inatosha, akasema. Maziwa yamekwisha.

Akashuka peke yake. Kwenye kona akapumzika,
akakuta njiwa wamekwisha kupachafua.
Akafika langoni, akalifungua.

Nje ya lango barabara ni moja kwa saba.
Hiyo si kazi yangu, mkataba unasema hivyo.
Nikatoka nyuma yake, mikono mifukoni,
nikihesabu.